Kontrola ya breki za tela kwa wenye pikapu Mtwara na Lindi: anza kwa kuchungulia chini ya tela

Korosho Ghafi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Salfa ya mikorosho imeshapulizwa, korosho zinaanza kuanguka, na maswali ya kontrola ya breki za tela, yaani kile kifaa cha kwenye gari kinachopeleka umeme kwenye breki za tela, yamerudi. Kila anayeniuliza huanza na jina la kampuni. Nichukue Tekonsha au Redarc? Kuna moja ya bei ya chee nimeiona mtandaoni, inafaa? Ukimuuliza tela lake lina breki za aina gani, kimya. Nimeona niliandike hapa lote mara moja, kwa sababu kontrola ya breki haichaguliwi dukani wala kwenye picha. Unalala chali chini ya tela na tochi, ndipo unajua kama unaihitaji na ya namna gani.

Nani anaihitaji? Hilux na Ranger za siku hizi zenye injini kubwa ya dizeli zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, na wengi wakishaisoma namba hiyo wanafunga kitabu. Mstari unaofuata unasema tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, pamoja na uzito wa tela lenyewe. Pikapu za zamani zinavuta pungufu ya hapo, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako, usisome la jirani.

Sasa piga hesabu za huku kwetu. Mifuko 40 ya saruji ni tani mbili kamili. Tenki la maji la lita 1,000, ambalo watu wa Newala na Tandahimba hawahitaji kuelezwa, ni tani moja kabla hujapima chuma kilicholibeba, na likiwa nusu maji yanakwenda mbele na kurudi nyuma kila ukigusa breki. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80. Magunia kumi umeshapita zile kilo 750. Atakuja mtu hapa aseme yeye anavuta miaka yote bila breki za tela na hajawahi kupata tatizo. Mwulizeni kama amewahi kushuka Newala na mzigo huo huku barabara imelowa.

Haya, chini ya tela. Utakuta moja ya mambo matatu.

La kwanza ni tela la mtumba kutoka Ulaya, hasa Uingereza. Tazama kichwa cha mbele kinachokalia mpira wa chuma wa gari. Kama kinaingia na kutoka, kimevishwa mpira wa kukunjana, na pembeni kuna breki ya mkono, hilo linajifunga breki lenyewe. Gari likipunguza mwendo tela linasukuma mbele, kichwa kinaingia ndani, fimbo au pampu ndogo ya mafuta inabana breki za magurudumu. Kule Ulaya mfumo huo unaruhusiwa hadi kilo 3,500, ndiyo maana matela hayo ni mengi. Halihitaji kontrola. Ukinunua kontrola kwa ajili ya tela hilo utakuwa umenunua pambo la dashibodi.

La pili ni tela lenye breki za umeme. Kichwa chake hakichezi, na nyuma ya kila gurudumu zinaingia waya mbili. Ndani ya dramu kuna sumaku. Umeme ukifika, sumaku inajibandika kwenye uso wa dramu inayozunguka, inavutwa nayo, inasukuma mkono mdogo wa chuma, na mkono huo unapanua breki shuu. Umeme mwingi, kubana kwingi. Hili ndilo linaloomba kontrola. Mengi yanatoka Australia au Marekani, au yamejengwa hapa kwa ekseli mpya iliyoagizwa.

La tatu ndilo tunalokutana nalo zaidi mtaani: tela lililochomelewa na fundi kwa ekseli ya gari kuukuu. Dramu zipo, ukizifungua ndani hamna kitu, au zimo breki shuu zilizogandana na kutu bila bomba wala waya. Mwenye tela hili hahitaji ushauri wa kontrola. Anahitaji ekseli yenye breki, ndipo arudi hapa.

Kwa wale wa kundi la pili tuendelee.

Kontrola ziko za namna mbili. Ya taima ndiyo rahisi. Ukikanyaga pedali, taa ya breki inawaka, kontrola inapata taarifa na kuanza kupandisha umeme polepole hadi kufikia kiwango ulichokiweka. Haijui kama umegusa pedali kwa sababu ya mbuzi aliye mbali au umeikanyaga hadi chini kwa sababu bodaboda imeingia mbele yako. Kwake yote ni sawa. Kwenye foleni ya mnadani, ukisogea na kusimama, tela linakuvuta kwa nguvu usiyoiomba. Kwenye dharura linachelewa, na hapo ndipo tani mbili zinapoisukuma pikapu kutoka nyuma.

Ya pili ina sensa inayopima gari linapunguza mwendo kwa kiasi gani, kisha inapeleka umeme kwa uwiano huo. Ukibana taratibu, tela linabana taratibu. Ukikanyaga kwa nguvu, nalo linakanyaga hapo hapo. Ni ghali zaidi, na kwa mtu anayepanda na kushuka uwanda wa Makonde na mzigo sioni sababu ya kununua nyingine. Taima naweza kumruhusu mwenye katela kadogo anayezunguka Mtwara mjini, basi.

Aina yoyote utakayochukua, hakikisha ina swichi ya mkono, yaani kitufe au mkono mdogo unaowasha breki za tela peke yake bila kukanyaga pedali. Tela likianza kuyumba kulia na kushoto, mkono wa watu wengi hukimbilia usukani na mguu hukimbilia breki, na vyote viwili vinaweza kuharibu zaidi. Unaachia mafuta, unashika usukani umenyooka, unabonyeza swichi ile; tela linavutwa nyuma na kunyooka. Kwa hiyo ifungwe mahali mkono wako unafika bila kutafuta. Nimeona imefichwa chini karibu na goti la abiria. Abiria ndiye atabonyeza?

Majina sasa, maana najua ndiyo mliyoyafuata. Tekonsha Prodigy P3 ni ya Marekani, ya uwiano, ina kioo kinachoonyesha kama tela limeunganishwa au waya umegusana mahali, na inabeba hadi breki nane. Inafanya kazi kwenye volti 12 tu. Redarc Tow-Pro Elite ni ya Australia, boksi lenyewe linafichwa nyuma ya dashibodi na unachokiona ni kitufe kimoja cha kuzungusha. Ina hali mbili: moja inafuata sensa, nyingine inapeleka kiwango ulichokichagua wewe kila ukikanyaga, na hii ya pili ndiyo inayopendekezwa kwenye njia mbovu za mwendo mdogo. Kwa barabara zetu za ndani nikiwa na pesa ningechukua hiyo. Kwa mwenye gari la volti 12 anayeishi kwenye lami, P3 inamtosha kabisa.

Nafasi ya maswali hiyo. Wa kuponda pia karibuni.

Mvuvi wa Shangani

Mkuu, uzi mzuri. Mimi navuta boti, si korosho. Tela linaingia baharini mpaka magurudumu yanazama, kupakia na kushusha. Nikiweka breki za umeme na hiyo P3 itakuwaje?

Korosho Ghafi

Mvuvi, kwako umeme ndani ya dramu usiuweke. Maji ya chumvi yanaingia, sumaku na uso wa dramu vinaota kutu, na chumvi inabaki humo hata ukishatoka majini. Matela ya boti yanatumia breki za mafuta, ama zile za kujisukuma kwa kichwa, ama pampu ya umeme iliyofungwa mbele juu ya tela ambayo kontrola inaiamrisha, nayo inasukuma mafuta hadi kwenye magurudumu. Hiyo pampu inahitaji kontrola inayokubali mfumo huo, na P3 ina mpangilio wake. Ila kwa umbali wa Shangani hadi kwenu ningeanza na ya kujisukuma, kisha ndoo ya maji baridi ya kusuuza kila ukitoka. Moja tu: ya kujisukuma ukirudi nyuma inaweza kujibana, maana tela linasukumwa. Zipo zenye kizuizi cha kurudia nyuma, uliza kabla hujalipa.

Fundi Waya Masasi

Naomba niongeze la wayaringi, kwa sababu magari yanakuja kwangu na kontrola ya bei kubwa iliyofungwa kwa waya wa spika za redio.

Kontrola hizi huwa na waya nne. Mweusi unakwenda betri chanya. Mweupe ni hasi. Mwekundu unakwenda swichi ya pedali, kwenye waya ambao una umeme pale tu unapokanyaga. Bluu unakwenda nyuma hadi breki za tela. Mweusi na mweupe vipelekeni betri moja kwa moja, msiokoteze umeme kwenye fyuzi ya taa wala msifunge hasi kwenye bolti yenye rangi.

Sumaku moja inakula karibu ampea 3. Tela la ekseli mbili lina sumaku nne, hivyo ni ampea 12 hivi zinazopita kwenye waya wa bluu kutoka mbele hadi nyuma kabisa. Waya mwembamba unapoteza volti njiani, sumaku zinapata volti 8 au 9, halafu mwenye gari anasema kontrola feki. Mimi naweka waya wa milimita za mraba 4 kwa sumaku mbili hadi nne, na 6 zikizidi hapo. Kwenye mweusi, karibu na betri, ikae breka ya ampea 20, au 30 kwa sumaku sita hadi nane. Breka ile inayojirudisha yenyewe, siyo fyuzi ambayo ikikatika mlimani umebaki bila breki za tela mpaka usimame.

Na kabla hujanunua kitu pima tela. Chomoa plagi, weka mita kwenye omu, shika waya wa breki na hasi. Sumaku mbili nzima zinatoa karibu 1.6, nne karibu 0.8. Ukiona nne zinakupa 1.6, mbili kati yake zimekufa au waya umekatika. Ukiona sifuri kabisa, umegusana mahali, na ukiwasha kontrola itakulilia.

Korosho Ghafi

Fundi hapo kwenye omu umenifundishia watu bure. Ongeza na soketi basi.

Fundi Waya Masasi

Soketi ndiyo balaa lenyewe. Pini saba, lakini saba za wapi? Kwenye soketi ya Australia pini namba 5 ndiyo ya breki za umeme. Kwenye ile ya duara ya Ulaya, hiyo hiyo namba 5 ni taa ndogo ya nyuma ya kulia. Ukiunganisha pikapu iliyofungwa Kiulaya na tela la Australia bila kubadilisha, ukiwasha taa jioni unalisha umeme breki za tela. Dereva anaona gari zito, anaongeza mafuta, na kufika Ndanda dramu zinatoa moshi. Usiamini rangi za waya kwenye mtumba, fuata kila waya kwa taa ya kupimia.

Bint Nachingwea

Kaka zangu, kuna ile ya kuchomeka tu katikati ya soketi na plagi, unaitawala kwa simu. Nimeiona inaitwa Curt Echo. Haina kukata waya wala kumlipa fundi. Kwa nini hamuisemi? Au mnalinda kazi za mafundi?

Korosho Ghafi

Dada, hakuna anayelinda kazi, ha ha. Ni kifaa cha kweli na ni cha uwiano, kina sensa ndani. Ila kimetengenezwa kwa soketi ya Kimarekani yenye pini bapa, na kinategemea soketi hiyo iwe na umeme wa kudumu kutoka betri. Pikapu zetu nyingi soketi ya nyuma imefungwa kwa ajili ya taa tu. Kwa hiyo waya mnene kutoka betri utaupitisha vilevile, na fundi utamlipa. La pili ni ile swichi ya mkono. Kuipata kwa kioo cha simu wakati tela linayumba, simu imepata joto la dashibodi la mwezi wa kumi na moja na kuna mtu anapiga, siipendi. Kwa mtu anayebadilisha magari mawili matatu kwa tela moja naielewa.

Tani Tatu

Mnatisha watu bure. Nina Canter, navuta tela la ekseli mbili Lindi–Nangurukuru. Nimeagiza Prodigy, inakuja. Taima au uwiano breki ni breki.

Fundi Waya Masasi

Tani Tatu, kabla haijafika fungua boneti uangalie betri. Canter nyingi zilizoko huku zina betri mbili, volti 24. Prodigy ni ya volti 12. Ukiifunga hapo itakufa siku hiyo hiyo.

Tani Tatu

Betri mbili kweli. Sasa?

Korosho Ghafi

Iuze kwa mwenye Hilux, hutapata hasara kubwa. Redarc Tow-Pro Elite imetengenezwa kukaa kwenye gari la volti 12 na la volti 24, ila soma kwenye maelekezo yake inatoa volti ngapi nyuma na sumaku za tela lako ni za volti ngapi. Usikate umeme kwenye betri moja kati ya mbili ili upate 12. Betri hiyo itakuwa inaisha kuliko mwenzake na utanunua zote mbili.

Mzee wa Tandahimba

Vijana, mimi si mtu wa kuandika sana. Gari ni la chama chetu cha msingi, Ranger, tela lina breki za umeme na kontrola imeshafungwa. Dereva anasema tela linambana sana akirudi mtupu, tairi zinaburuza na kulia. Akiwa na mzigo ni sawa. Tatizo ni kontrola?

Korosho Ghafi

Shikamoo mzee. Kontrola ni nzima. Kiwango kilichowekwa ni cha tela lenye mzigo, na dereva hakipunguzi akishashusha. Kile si kitu cha kuweka mara moja ukasahau.

Namna ya kukiweka: tafuta kipande cha lami kilichonyooka, kikavu, kisicho na watu. Mzigo uwe ule wa safari. Nenda kilomita 40 kwa saa, bonyeza swichi ya mkono hadi mwisho bila kukanyaga pedali, mtu mwingine asimame pembeni kuangalia tairi za tela. Zikiburuza, punguza. Tela lisipokuvuta nyuma, ongeza. Unaishia kiwango cha juu kabisa ambacho tairi bado zinazunguka. Andika namba hiyo kwenye karatasi na uibandike kwenye dashibodi, kisha shusheni mzigo mpate namba ya pili ya tela tupu. Dereva awe na namba mbili, na mvua ikinyesha ashuke kidogo chini ya hizo.

Mengine mawili kwa kuwa gari ni la chama na madereva hubadilika. Breki shuu zikilika, dramu inahitaji kukazwa kwa ile gurudumu ndogo ya meno nyuma yake. Wasipokaza, watapandisha kiwango cha kontrola kufidia, na baada ya muda hakuna pa kupandisha. Na waangalie kamba ya chuma ya swichi ya dharura. Pale mbele ya tela kuna kijiboksi chenye pini. Tela likichomoka, kamba inavuta pini na betri ndogo ya tela inafunga breki zote. Mara nyingi utakuta kamba imefungwa kwenye mnyororo wa tela au imening'inizwa kwenye kichwa chenyewe, ambapo vikichomoka vinaondoka pamoja na pini haitoki. Ifungwe kwenye chuma cha gari, peke yake. Na ile betri ndogo ipimwe, maana wengi hawajui hata kama ipo.

Mzee wa Tandahimba

Marahaba mwanangu. Kamba imefungwa kwenye mnyororo, nimetoka kuangalia sasa hivi. Betri sijaiona.

Fundi Waya Masasi

Mzee, mara nyingi huwa ndani ya boksi la plastiki nyeusi kwenye mkono wa mbele wa tela. Kama boksi lipo na ndani ni tupu, mtu ameikopa kwa redio. Inatakiwa ya volti 12, ndogo tu, na ichajiwe kutoka gari. Mkipita Masasi na tela nitaipima na sumaku zote nne.

Bint Nachingwea

Mnaposhuka Newala mnatumia swichi ya mkono muda wote wa mteremko? Dereva wetu anaishikilia.

Korosho Ghafi

Hapana, mwambie aache. Akiishikilia, breki za tela zinafanya kazi ya magari mawili, dramu zinapata moto, na katikati ya mteremko zinaacha kushika wakati yeye anaamini bado anazo. Aingize gia ndogo kabla hajaanza kushuka, aiachie injini ishike, halafu akanyage pedali kwa nguvu kidogo na kuachia, akanyage na kuachia, gari na tela vikigawana. Akifika chini asimame mahali salama, asogeze kiganja karibu na kila gurudumu la tela bila kugusa. Joto liwe linalingana. Moja likiwa baridi na matatu ya moto, hilo baridi sumaku yake haifanyi kazi, ampigie Fundi.